Gunia la Cucu Rwamba Limekwama

Benchi letu liko Manyatta, pale barabara ya kupanda msituni inapoachana na ile ya kushuka sokoni, chini ya veranda ya fundi cherehani. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na umekaliwa miaka mingi hata ukang'aa. Ukikaa kulia unaona barabara na kila anayepita. Ukikaa kushoto unaona ng'ambo ya bonde, nyumba za mabati zilizosimama katikati ya migomba na mibuni, na kamba za nguo nyuma ya kila nyumba. Sisi ni wakulima wa kahawa ambao nyumbani hunywa chai. Kahawa tunainywa hapa tu, kwa sababu Nelius, mama ambaye wengi humwita Mami, hukaanga ya shamba lake mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, akaitwanga, akatuletea ndani ya thamosi kubwa isiyo na mshikio. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa saba, wakati ambao ukungu hushuka kutoka mlimani alfajiri na kukataa kuondoka, na nguo ulizoanika asubuhi unaziingiza ndani jioni zikiwa mbichi vile vile.

Aliyeanzisha ni Stima. Jina lake ni Njuki, lakini kwa kuwa kazi yake ni kufunga nyaya za umeme katika nyumba za watu, hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mkewe Ruguru, tena akiwa amekasirika. Ruguru alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Stima alifika na mfuko wa karatasi kutoka mjini Embu, akauweka benchini taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

— Wazee, angalieni hii. Nguo za mtoto. Mpya kabisa. Hakuna mtu amewahi vaa.

— Lete nione, alisema Pindo.

Pindo ni Kivuti, fundi mwenye veranda. Alipata jina hilo kwa sababu kila suruali ya mtoto anayoshona huiachia pindo refu kupita kiasi, ili mtoto akirefuka mama afungue mshono na suruali irefuke naye. Kuna watoto mtaani hapa waliotoka chekechea mpaka darasa la tatu na suruali moja, alama za mapindo yaliyofunguliwa zikionekana miguuni kama pete ndani ya mti uliokatwa.

Aliitoa fulana ndogo ya samawati yenye picha ya dubu. Akaisugua kati ya vidole viwili. Akaileta sikioni, akaisugua tena.

— Stima, hii si nguo. Hii ni jagi.

— Jagi aje?

— Plastiki. Imefinywa-finywa mpaka ikakubali kuitwa kitambaa.

— Wacha wivu, fundi. Kwa sababu hukushona wewe.

Pindo alivuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la fulana, akavuta mwingine kutoka kwenye shati lake kuukuu la pamba, akawasha kiberiti. Uzi wa Stima ulijikunja, ukadondoka, ukawa kitone kigumu cheusi juu ya tofali. Wa shati uliwaka kama karatasi na kuacha vumbi la kijivu, akalipuliza.

— Umeona? Yangu imekuwa jivu. Yako imekuwa shanga. Jivu naweka kwa sukumawiki. Shanga utaweka wapi?

— Kwa shingo, alisema Nelius akimimina.

— Hapo ndipo shida ilipo! Waziri alisimama.

Waziri ni mzee Mbogo, aliyestaafu kutoka ofisi ya kilimo. Akiwa na jambo la kusema husimama, hata kama ni la kuomba sukari, na hutazama mbali kama kwamba mbele yake kuna umati uliokalia viti vya plastiki.

— Hiyo shanga ndiyo ilikuwa iue ng'ombe yangu. Nyinyi mnakumbuka ile Friesian? Ilikataa kula. Tumbo ikavimba. Nikaita daktari wa mifugo. Akaweka mkono mpaka hapa, na Waziri akaonyesha bega. Akatoa nini?

— Soksi, tulijibu kwa pamoja, kwa kuwa tulikuwa tumeisikia.

— Soksi! Ya mtoto mchanga. Ya rangi ya waridi. Ya mguu wa kushoto.

— Waziri, ya kushoto ulijuaje? niliuliza mimi, ambaye hapa benchini naitwa Mwalimu.

— Ng'ombe ni yangu, soksi imetoka kwa ng'ombe yangu, sasa ni nani mwingine atajua?

— Ilitoka wapi kwanza?

— Nyasi nilikata kando ya mto, pale watu wanamwaga takataka. Huko chini kuna nguo za watoto zinaweza valisha wilaya. Zimelala kwa matope zikicheka, na picha zao za dubu. Haziozi! Nimepiga jembe moja. Jembe imerudi.

Stima aliirudisha fulana mfukoni. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

— Sasa mnataka mtoto wangu avae nini? Majani ya ndizi?

— Hakuna mtu amesema hivyo, Nelius alisema. Kunywa kahawa.

— Lakini tuulizane, alisema Pindo. Hiyo fulana atavaa mpaka lini? Mtoto anakunywa maziwa leo, kesho kichwa haipiti kwa shingo. Nguo inabaki mpya, mwenyewe amehama.

— Inaenda wapi? niliuliza.

— Chini ya kitanda, alisema Nelius. Halafu kwa shimo la taka. Halafu kwa ng'ombe ya Waziri.

Waziri alikuwa hajaketi.

— Suluhisho iko. Nimeifikiria usiku. Nguo ya mtoto ishonwe na tyubu ya baiskeli. Mtoto akinenepa, inanyooka. Akirefuka, inanyooka. Mpaka anaenda kuoa, bado anavuta tu.

— Na ikitoboka? aliuliza Pindo.

— Unapeleka kwa fundi wa baiskeli anapiga kiraka.

— Aki Waziri, sasa mtoto akilia utasikia anapiga kelele kama breki.

— Hiyo ilikuwa suluhisho ya kwanza, Waziri aliendelea bila kuyumba. Ya pili ni kubwa zaidi. Shida si nguo. Shida ni kwamba watu wanazaa ovyo ovyo. Huyu mwezi huu, huyu mwezi huu, wote wanataka saizi moja wakati moja. Tuweke ratiba ya mtaa. Nyumba ya kwanza izae mwezi wa kwanza. Mtoto akiacha fulana, nyumba ya pili iko tayari, inadaka. Ya tatu inadaka. Fulana moja inazunguka mtaa mzima haigusi chini!

— Na atakayechelewa?

— Apigwe faini.

— Wewe Mbogo, Nelius alisema akifunga thamosi, na wewe tukuweke mwezi gani?

Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akasimama kututazama. Waziri aliketi, akanywa, akasema kikombe hiki kina machicha.

Stima peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika ule mfuko magotini.

— Hiyo ratiba yenu ilikuwako, alisema. Na mnajua. Mimi sikutaka hizi za dubu. Nilitaka gunia.

Hapo sote tukatazama kushoto.

Ni lazima nieleze habari ya gunia, kwa maana asiyekaa Manyatta hawezi kuijua. Zamani, Stima akiwa bado hajazaliwa, palikuwa na Cucu Rwamba, yaani Bibi Rwamba, mwanamke aliyeuza miche ya kahawa na kufuma sweta kwa vijiti vya spoku za baiskeli. Wajukuu wake walipoziacha nguo zao, alizifua, akazikunja, akazitia ndani ya gunia safi la kahawa, akalipeleka kwa jirani aliyekuwa na mimba. Jirani akapeleka kwa jirani. Masharti aliyoyaweka yalikuwa machache na hakuna aliyewahi kuyaandika. Mtoto akianza kukimbia, gunia linaondoka. Kabla ya kulitoa, mama anaongeza nguo moja ya pamba au ya sufu, na anatoa moja iliyochoka iende kuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Anayepokea anafua kila kitu upya na kukianika juani kabla mtoto hajafika. Na ndani ya kola ya kila nguo ambayo mtoto wake alivaa, mama anapiga mshono mmoja mdogo wa uzi wa rangi yake.

Nyumbani kwangu rangi yetu ilikuwa kijani. Kwa Nelius ni nyekundu. Mama yake Stima alichagua nyeupe, akisema uzi mweupe hauchuji rangi ukamalizia mtu sabuni. Ametutoka sasa, mama yule. Alilala pole pole kama alivyoishi, na hakumwachia mwanawe picha nyingi. Lakini ndani ya gunia palikuwa na sweta ya manjano iliyofumwa na Cucu Rwamba mwenyewe, na kwenye kola yake, katikati ya rangi za watu, palikuwa na mshono mweupe. Stima alikuwa ameivaa. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Gunia lilipita kwetu sote, nyumba baada ya nyumba, mpaka lilipofika ng'ambo ya bonde kwa Gatakaa. Yeye na mumewe Kobia ni Wameru wa Muthara waliokuja kukaa kwetu. Gatakaa anafundisha watoto wa chekechea, Kobia anabeba maziwa kwa pikapu. Walipokea gunia Mukiri alipokaribia kuzaliwa. Mukiri akakaa, akasimama, akakimbia. Sasa yuko shule, anasoma vitabu, amepoteza meno ya mbele na kupata mengine. Gunia halikutoka.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kamba. Kila Jumamosi, jua likipasua ukungu, tukiwa hapa benchini tuliona kamba ya Gatakaa imejaa nguo ndogo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Fulana ndogo, suruali ndogo, nepi nyeupe za kitambaa, na ile sweta ya manjano katikati ikionekana hata na mtu asiyeona vizuri. Jioni zinatolewa. Jumamosi inayofuata zinarudi. Na ndani ya nyumba hakuna mtoto mchanga.

— Mimi nasema ni nondo, Pindo alianza. Nguo ikikaa kwa gunia inaliwa. Anazipa hewa.

— Kila wiki? Nondo gani hiyo?

— Nondo ya Muthara, alisema Waziri. Hapana, sikilizeni. Hiyo ni mambo ya ndege. Gatakaa amepanda matunda-damu nyuma ya nyumba. Ndege wa hapa wanaogopa nini? Mtoto. Kwa sababu mtoto ana mawe. Sasa ndege akiona nguo ya mtoto, anajiambia, mwenyewe hayuko mbali. Anapita.

— Ndege anajua nguo?

— Ndege anajua kila kitu. Wewe hujakaa ofisi ya kilimo.

— Mimi nilisikia anazikodisha, alisema Pindo, ambaye ile ya nondo ilikuwa imemfia mkononi. Kuna mpiga picha huko mjini. Mtoto anavalishwa, anapigwa picha, anavuliwa. Ndiyo maana lazima zifuliwe.

— Basi ni biashara, alisema Waziri. Au ni siasa! Hamjafikiria? Mwaka wa uchaguzi unakuja. Mtu anataka kujua mtaa una watoto wangapi ili alete zahanati. Hapigi hodi, ni mvivu. Anahesabu kamba. Gatakaa ni mwalimu, ana akili, ameona atusaidie. Kamba moja ya hivyo ni kama watoto kumi. Huyo mama atatuletea hospitali!

— Na kama gunia lilienda Muthara zamani, alisema Stima bila kutabasamu, na hizo za kwa kamba ni zingine zimeshonwa zifanane? Ili tusiulize.

— Wueh, Stima. Hata sweta?

— Sijui. Nasema tu.

— Unasema tu kwa sababu una uchungu, nilimwambia.

— Mwalimu, si ni kweli? Ruguru anakaribia. Hiyo sweta nimeiona kwa macho kila Jumamosi, hapo, kama vile naona mlima. Na siwezi kuigusa. Nimeambiwa ningoje. Nangoja nani?

Muda wote huo Nelius alikuwa akifuta vikombe kwa kitambaa, na nilipotazama vizuri niliona kitambaa chenyewe kilikuwa zamani kaptula ya mtoto. Mfuko mmoja mdogo ulikuwa bado umebaki.

— Nyinyi wanaume, alisema. Mmekaa hapa kila Jumamosi mkiangalia kamba ya mwanamke. Nondo. Ndege. Kura. Mnafikiri mtu atabeba maji kutoka bondeni afue nguo zote hizo, hizo hizo, ambazo hazina uchafu, kwa sababu ya ndege?

Aliweka kikombe chini.

— Baada ya Mukiri hakukuja mwingine, Nelius alisema. Ndiyo hiyo. Hakuna nyingine. Gunia likitoka kwa mlango, ni kama amesema basi. Sasa anafua. Mtu akiwa anafua nguo za mtoto, mtoto anaweza kuwa njiani. Ni hivyo tu.

Pindo alikiokota kile kitone cheusi kutoka juu ya tofali, akakizungusha kati ya vidole. Waziri, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akapitwa na nafasi ya kusimama.

— Kwa nini hukutuambia, Mami? aliuliza Stima.

— Mlikuwa mmefika kwa zahanati. Ningeingilia wapi?

Ndipo tulipoisikia pikapu ya maziwa. Kobia hupita hapa asubuhi na jioni, hupiga honi mara moja, hainui hata mkono kwa sababu barabara ina mashimo. Hajawahi kuketi nasi. Siku hiyo alilizima gari kando ya mtaro, akashuka, akazunguka nyuma kwenye mitungi. Alipokuja upande wetu alikuwa amekumbatia gunia la kahawa, kwa mikono yote miwili, jinsi mtu anavyobeba mtoto aliyelala.

— Hamjambo, wazee. Mami, hujambo.

— Hatujambo, Baba Mukiri. Karibu, keti.

Tulisogea kwa haraka kuliko kawaida yetu. Aliketi mwisho wa benchi, gunia magotini.

— Njuki, alisema, akitumia jina ambalo hatulitumii. Mama Mukiri alimwona mke wako kanisani. Alikaa nyuma yake ibada yote. Ameniambia nilete hii.

Stima alisimama. Halafu akaketi. Halafu akasimama tena.

— Baba Mukiri, mimi nilikuwa… Hakuna haraka.

— Alinipa asubuhi. Kama si leo, hatanipa tena. Nakuomba uchukue.

Kobia alifungua kamba ya gunia, na hapo watu wazima wanne na mama mmoja tukasahau adabu. Tuliingiza mikono. Pindo alipata suruali yenye mapindo yake mwenyewe na kuyasalimia kama jamaa. Waziri aliinua kaptula, akachungulia ndani ya kiuno, akaona mshono wa zambarau, akasema kwa sauti ndogo sana, ambayo sikujua kama anayo, kwamba hii ni ya Muriithi wangu, ona, na sasa ana kiatu kikubwa kuliko changu. Mimi nilipata kijani. Kwenye kola nyingi rangi zilikuwa zimejipanga safu ndogo, mshono kando ya mshono, watu ambao wengine wao hawasalimiani sokoni. Na kila safu iliishia kwa rangi ya chungwa, ya Gatakaa.

Stima alikuwa ameipata sweta. Aliigeuza kola kwa kidole gumba. Akaiweka juu ya goti na kuifunika kwa kiganja.

— Sheria inasema mama aongeze moja, alisema Waziri, ambaye hawezi kukaa muda mrefu bila kanuni. Ameongeza?

Kobia aliingiza mkono mpaka chini ya gunia, akatoa gauni dogo la pamba nyeupe, lenye maua madogo yaliyodariziwa kwa mkono kifuani. Halikuwa na uzi wowote kwenye kola.

— Hii alishona mwenyewe. Si ya Mukiri. Mukiri alikuwa tayari shule. Hii alishona tu.

Pindo alilipokea, akapitisha macho ya fundi kwenye mishono, akalikunja upya vizuri zaidi ya lilivyokuwa. Hakusema neno kuhusu kazi hiyo, na kwa Pindo hiyo ni sifa kubwa.

— Mimi nina hizi, Stima alisema akionyesha ule mfuko kwa aibu. Za dubu. Lakini fundi anasema ni jagi.

— Si umeshanunua? Kobia alisema. Mtoto azivae mpaka zichoke, halafu azipokee mwingine. Ukizitupa ndiyo zitaenda kwa mto.

— Na kwa ng'ombe, alisema Waziri.

Nelius alimpa Kobia kikombe. Alikunywa nusu, akatazama upande wa kushoto, ng'ambo ya bonde. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Kamba ya nyumbani kwake ilionekana, imenyooka kati ya miti miwili, tupu, vibanio vya mbao vimepangwa juu yake.

— Sikilizeni, alisema. Nyinyi mmekaa sana, mmeona mambo. Nataka kuuliza kitu.

— Uliza, Baba Mukiri, alisema Waziri akijiweka sawa.

— Jumamosi ataanika nini?

Nimesoma vitabu vingi, vingine mara mbili, na nimekaa kwenye benchi hili na watu wasiokosa jibu la swali lolote. Tumeshaeleza kwa nini mwezi hufuata mtu njiani. Tumeshapanga bei ya kahawa ya dunia. Waziri alitazama mbali, lakini umati wake ulikuwa umeondoka na viti vyake. Pindo alitafuta sindano kwenye kola ya shati, akaikuta, akaiacha. Kobia hakuwa ametuuliza ili atuaibishe. Alikuwa ameuliza kwa sababu angerudi nyumbani jioni ile na alitaka kurudi na kitu.

Nelius aliinua thamosi, akaitikisa, akammiminia Stima kilichobaki.

— Ndiyo mwisho, alisema. Imeisha.

Stima alipokea kikombe kwa mkono mmoja, sweta ikiwa kwenye ule mwingine. Alisimama kama mtu anayetaka kupisha. Aliligeukia bonde, akaitazama ile kamba, akageuka tena. Na kikombe kikainama. Kahawa yote, pamoja na machicha, ilimwagika juu ya nepi nyeupe zilizokuwa mdomoni mwa gunia, ikachuruzika ndani, ikazipitia fulana, ikafika chini. Sweta aliishika juu. Gauni lilikuwa bado kwa Pindo.

— Wewe! Nelius alipiga kelele. Mikono ya siagi!

— Ona sasa umefanya nini! alisema Waziri.

Stima alichutama, akazitazama nepi. Huyu ni mtu anayetembea juu ya paa la mabati akiwa na nyaya mdomoni, na sijawahi kusikia ameangusha hata msumari.

— Aki nimeziharibu, alisema. Pole, Baba Mukiri. Pole sana. Sasa zote ni lazima zifuliwe. Na kwetu huko kwa ploti ya kupanga, kamba iko nyuma ya choo. Jua haliingii. Mwezi huu wa saba nikianika hapo, mtoto atazaliwa, atatembea, zikiwa bado mbichi.

Kobia alimtazama.

— Kwetu jua liko, alisema.

— Najua. Ninaliona kutoka hapa. Stima alisugua pua kwa mgongo wa mkono. Ruguru hawezi kuinama sasa, lakini anaweza kukaa kwa kiti ashike vibanio. Na mtoto akikuja, itakuwa ni nepi kila siku. Sijui kama Mama Mukiri anaweza… Kama si kazi nyingi. Jumamosi.

— Nepi kila siku, Kobia alirudia.

— Kila siku.

Kobia alizisukuma nguo ndani, akafunga gunia lenye harufu ya kahawa, akalikumbatia upya. Pindo alimkabidhi gauni, naye akaliweka kifuani ndani ya koti, mbali na unyevu. Stima aliiweka sweta juu ya gunia, mwenyewe, polepole, akauondoa mkono. Halafu akachukua mfuko wake wa madubu, akaenda kuketi upande wa abiria wa pikapu ya maziwa, kwenda kumwambia Gatakaa kwamba ameharibu nguo.

— Lakini huyo kijana, alisema Waziri wakishaondoka, mikono yake imeanza kutetemeka. Ni uoga wa mtoto wa kwanza.

— Ndiyo, Waziri, alisema Nelius. Ni uoga.

Alikusanya vikombe, akavipangusa kimoja kimoja kwa ile kaptula yenye mfuko mdogo.